Kitabu cha Wageni cha Ljosheia

Sura ya Saba

Eskil Brandal alisukuma faili juu ya meza mpaka likagusa kikombe cha kahawa cha Solvor.

"Ijumaa saa tisa alasiri," alisema. "Ikifika saa tisa na dakika moja nalifunga, naenda zangu mlimani na wanangu. Pasaka ni Pasaka."

Eskil ndiye aliyekuwa mwanasheria wa polisi wa Kristiansand, mtu anayeamua kesi ipi iende mahakamani na ipi ife. Solvor Tveit alikuwa mpelelezi wa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo hakuna faili lake hata moja lililorudishwa kwa kosa la utaratibu. Kituo kizima kilijua hilo, kwa sababu mwenyewe alikuwa akilisema.

"Leo Jumatano," alisema Solvor. "Niambie tena kinachokosekana."

"Vitu viwili. Mbinu na lengo. Sheria hii mpya haimkatazi mtu kuzungumza na mtoto. Mzazi anaweza kusema hapendi. Mchungaji anaweza kuhubiri. Mwanasaikolojia anaweza kuuliza maswali mpaka ulimi umkauke. Kosa ni pale mtu anapomchukua mtoto na kumfanyia jambo la mpangilio, kama tiba, ili ageuke asiwe alivyo. Sasa wewe umeniletea nini? Bibi mwenye hasira na binti asiyesema."

"Bibi mwenye hasira ni mwanzo mzuri."

"Mwanzo, ndiyo. Mimi nataka mwisho."

Binti huyo aliitwa Tiril Rosseland, miaka kumi na mitano. Bibi yake, Aslaug, alikuja kituoni wiki tatu nyuma, akasimama mbele ya kaunta bila kuvua kofia. Alisema mjukuu wake anampenda msichana mwenzake, nyumbani wamelijua tangu Agosti, na kuna mtu "anamtengeneza." Ni nani, hakujua. Alijua kitu kimoja tu: Jumamosi hii asubuhi Tiril atapelekwa mahali kwa wiki nzima ya Pasaka, na kila Jumamosi hiyo inapotajwa, mtoto anaweka uma chini.

"Ameniambia, Bibi, nikirudi usishangae," Aslaug alisema. "Andika hivyo hivyo."

Solvor aliandika hivyo hivyo. Lakini Tiril mwenyewe alipoulizwa, mara mbili, alisema hana la kusema. Mahakama ilikuwa imeshamteulia msimamizi wa muda, hivyo idhini ya wazazi haikuhitajika ili ahojiwe rasmi. Kilichokosekana kilikuwa idhini yake mwenyewe.

Na baba yake, Anfinn, alikuwa na jibu fupi. "Mtu anayeongea na mwanangu ni mmoja tu, yule mwanasaikolojia wenu wa mjini. Kamkamateni yeye."

*

Mwanasaikolojia aliitwa Ingjerd Mosby. Aliwapokea Solvor na mwenzake Jarand akiwa amevaa koti, kama mtu anayetarajia kuondoka na polisi.

"Vua koti, Ingjerd," alisema Jarand. "Ofisi yako ina joto kuliko yetu."

"Mnajua wenzangu wangapi wameacha kupokea vijana kama Tiril? Wanaogopa nyie mtabisha hodi."

"Na tumebisha," alisema Solvor.

"Mmebisha."

Tiril alikuwa amesaini karatasi ya kuruhusu kumbukumbu zake zisomwe. Hilo alikubali. Kuongea ndiko alikokataa. Solvor aliweka rula juu ya ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma mstari kwa mstari. Vikao kumi na kimoja. Alitafuta vitu vitatu: ratiba ya masomo, kazi ya kufanya nyumbani, na sentensi yoyote inayosema mtoto aweje mwishoni. Jarand alifungua mkate wake aliofungasha nyumbani, akala polepole karibu na dirisha.

Baada ya saa moja Solvor aliinua kichwa.

"Umewahi kumwambia kwamba hisia zake zitapita?"

"Hapana."

"Umewahi kumwambia kwamba hazitapita?"

"Hapana pia. Nitajuaje? Alikuwa na maswali, nikakaa naye kwenye maswali yake. Ndiyo kazi yangu, na naifanya vizuri." Ingjerd alinyoosha mgongo. "Mnaweza kuniandika hivyo. Naifanya vizuri."

Kwenye fomu ya mwanzo palikuwa na mstari wa kuandika lengo la matibabu. Mstari huo haukujazwa na Ingjerd. Ulijazwa kwa mwandiko wa mtoto: Kulala usiku.

Solvor alifunga rula ndani ya daftari lake.

"Siyo wewe."

"Si ndivyo nilivyokwambia tangu saa mbili!"

"Mimi siambiwi. Mimi nasoma." Kisha akarudi kwenye ukurasa wa mwisho, akaugusa kwa kidole. "Hii hapa, tarehe sita Oktoba. Nisomee mwandiko wako."

Ingjerd alisoma. "Malengelenge viganja vyote viwili. Anasema amepasua kuni. Anaongea kama anayesoma karatasi." Aliinua macho. "Nilimuuliza kuhusu hilo. Akaniambia, mazungumzo yetu hayanijengi. Tiril hasemi hivyo. Tiril husema poa, husema sijui, hucheka. Siku mbili baadaye baba yake akapiga simu na kufuta miadi yote."

"Na wiki iliyotangulia ilikuwa ya nini?"

"Likizo ya vuli. Wiki ya arobaini ya mwaka."

Garini, Jarand alitoa maelezo ya Anfinn kwenye mkoba, akatafuta ukurasa wa nne.

"Wiki ya arobaini," alisoma. "Tulikuwa nyumbani sote watatu, tukipaka rangi sebule."

"Brashi haitoi malengelenge viganja vyote viwili," alisema Solvor. "Shoka ndilo linalotoa. Na nyumba yao ni mpya, ina pampu ya joto. Niliizunguka mwezi huu. Haina hata bomba la moshi. Kuni wangepasua za nini?"

"Basi alikuwa kwenye nyumba ya mlimani."

"Ya nani?"

"Solvor, nusu ya nchi hii ina nyumba ya mlimani, na nusu nyingine ina shemeji mwenye nayo."

Solvor alimpigia Aslaug. Alimuuliza swali moja: nani, kati ya marafiki wa Anfinn, ana nyumba mlimani yenye jiko la kuni? Bibi hakufikiri hata kidogo.

"Torleiv Haugum. Nani mwingine? Kwenye nyumba yetu ya sala hakuna asiyeijua Ljosheia, nyumba yake. Anaisifia kuliko anavyomsifia mkewe."

Jarand alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine. Torleiv Haugum, mshauri wa familia, amejiajiri, hana leseni ya afya. Alihojiwa kama shahidi wiki mbili zilizopita. Alisema amewahi kuzungumza na Tiril mara moja tu, jikoni kwa wazazi wake, nusu saa, wakila keki. Kuhusu nyumba yake ya mlimani aliulizwa pia, kwa sababu Solvor huuliza kila kitu. Alijibu kwamba ilifungwa tangu Agosti, paa linavuja.

"Nusu saa na keki si kosa," alisema Jarand.

"Hapana," alisema Solvor. "Kwa hiyo kesho tukaangalie paa."

*

Ljosheia ilikaa juu kabisa ya bonde la Setesdal, mahali barabara inapoishia na theluji kuanza kuwa ya magotini. Bendera ilikuwa juu. Torleiv Haugum alikuwa juu ya paa na sepeto, mwanamume wa miaka sitini hivi, mashavu mekundu, sweta lililofumwa kwa mkono. Paa lilikuwa zima kama sinia.

"Polisi!" aliita kwa furaha. "Mmekuja kunisaidia kuondoa theluji?"

"Umelitengeneza lini paa, Torleiv?" aliuliza Solvor.

Sepeto lilisimama.

"Shuka kwanza," alisema Solvor. "Nikwambie jambo kabla hatujaongea. Safari ile nilikuhoji kama shahidi. Leo nakuhoji kama mtuhumiwa, kwa kosa la kumfanyia mtoto tiba ya kumgeuza. Huna lazima ya kujibu. Una haki ya kuwa na wakili. Umenielewa?"

Torleiv alishuka ngazi taratibu. Alijipangusa mikono.

"Nimekuelewa. Sina cha kuficha wala cha kuonea haya. Ingieni, mtaganda hapo. Kahawa iko motoni."

Solvor aliangalia saa na kuandika: saa tano na dakika ishirini, ameturuhusu kuingia mwenyewe.

Ndani kulinukia utomvu na moshi. Torleiv alimimina kahawa huku akieleza. Hakuweza kujizuia. Magogo ya ukuta ule yaliburutwa na farasi wa babu yake. Hakuna msumari hata mmoja kwenye pembe zile nne. Meza ile baba yake aliitengeneza msimu mmoja wa baridi, kwa kisu na patasi. Jarand aliipapasa meza kwa heshima. Naye alikuwa na nyumba ya baba yake mlimani, akajua anachokiona.

"Imekaa vizuri," alisema. Alisema kweli.

"Imekaa vizuri," Torleiv alikubali, na uso wake wote ukawaka.

Walikunywa. Torleiv alisimama, akaenda kwenye rafu iliyo kando ya jiko, akachukua kitabu kinene chenye gamba la ngozi na kukiweka mbele ya Jarand pamoja na kalamu. Alifanya hivyo kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake, bila kufikiri.

"Hakuna aliyewahi kunywa kahawa hapa asiandike," alisema. "Hata fundi wa bomba la moshi. Tarehe, hali ya hewa, nani kaja, mmekula nini."

Kisha Solvor aliuona mkono wake. Kitabu kilikuwa kimeshatua mezani, lakini mkono haukutoka juu yake.

Ndani ya jiko kuni mbichi ililia mara moja.

"Torleiv," alisema Solvor. "Nina swali, na una haki ya kulikataa. Nikisoma kurasa za nyuma, unakubali?"

Torleiv alikitazama kitabu. Alimtazama Jarand, aliyekuwa ameshika kalamu. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu kuliko mashavu.

"Kitabu cha wageni hakifichwi," alisema mwishowe, akaondoa mkono.

Solvor alivaa glavu nyembamba. Alifungua kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Februari, wavulana wa kwaya. Krismasi, binamu kutoka Bergen. Novemba, mawindo ya paa wawili. Halafu Oktoba, na kabla yake siku za mwisho za Septemba. Mwandiko ulikuwa wa Torleiv, wima na safi.

Alisoma kwa sauti, ili Jarand aandike.

"Jumatatu. Nyuzi sita, mvua ya manyunyu. Kondoo kwa kabichi. Somo la kwanza, Kukiri, saa tatu hadi saa saba. T. hakukiri. Kuni, mrundo mmoja."

Akaendelea.

"Jumanne. Ukungu. Supu ya mbaazi. Somo la pili, Kukana. T. amesoma karatasi kwa sauti mara arobaini. Alipoulizwa jioni amesema bado anampenda yule binti. Kuni, mirundo miwili.

"Jumatano. Jua, nyuzi tatu. Samaki wa kusaga. Somo la tatu, Kuzika. T. amechoma picha tatu. Mikono inamuuma, leo hakuna kuni.

"Alhamisi. Tumefagia, tumefunga maji. Yamekamilika masomo matatu kati ya kumi na mawili. Yaliyobaki ni Pasaka, mpaka mwelekeo wake ugeuke."

Jarand aliacha kuandika. Solvor hakumtazama. Chini ya mstari wa mwisho palikuwa na maandishi mengine, ya penseli, madogo, yameinama upande wa kushoto. Aliyajua. Alikuwa ameyaona jana kwenye fomu ya Ingjerd.

"Tiril, miaka kumi na mitano," alisoma. "Ukungu. Asante kwa chakula. Bado ni mimi."

Nje kipande cha theluji kiliteleza kutoka paani na kuanguka.

"Karatasi za masomo nilizichoma mlipokuja mara ya kwanza," alisema Torleiv. Alikuwa akiongea na meza. "Zote, na bahasha zake. Nikakichukua na hicho. Nikasimama hapo mbele ya jiko, mlango wake uko wazi."

"Torleiv, nakukumbusha haki ya wakili."

"Ukurasa wa kwanza aliuandika babu yangu, mwaka wa thelathini na nne. Kuna jina la mama yangu mle, siku alipoletwa hapa mara ya kwanza. Huwezi kuchana kitabu hicho. Hakuna mtu anayechana kitabu cha wageni."

"Na mstari wa mtoto? Penseli inafutika."

"Maneno ya mgeni hayafutwi." Aliinua macho. "Mimi sikumchukia. Nilimpa chumba chenye dirisha la bondeni, chumba cha mama yangu. Wazazi wake waliniomba, nikawaahidi. Nilikuwa najenga."

"Acha hapo," alisema Solvor. "Mengine mwambie wakili wako, naye ataniambia mimi. Jarand, mpigie Eskil. Nataka amri ya kukizuia kitabu hiki kama kielelezo, na nataka saa ya amri hiyo iandikwe."

Jarand alitazama simu. "Hakuna mtandao."

"Uko nyuma ya choo," alisema Torleiv. "Upande wa kaskazini, ukisimama juu ya jiwe. Tunapata mistari mitatu." Hata wakati huo alisema mistari mitatu kama mtu anayetaja medali.

Jarand alirudi baada ya robo saa, buti zimejaa theluji. Kitabu kilizuiliwa saa sita na dakika tano. Torleiv alipewa risiti na kuisaini. Kabla ya kusaini aliomba jambo moja: kisikunjwe mgongo. Solvor alikifunga kwa karatasi laini, akakiweka kwenye sanduku, akaandika juu yake: kisikunjwe mgongo.

*

"Mbinu ninayo," alisema Eskil kwenye simu, wakiwa njiani kurudi. "Lengo ninalo. Solvor, hii ni kazi safi. Mtu ameandika kosa lake, na hali ya hewa juu yake."

"Lakini."

"Lakini wakili atasema T. ni mtu yeyote, kuni ni mazoezi ya mwili, mstari wa penseli ni utani wa mtoto. Siendi mahakamani na kitabu peke yake. Nataka sauti yake. Kesho saa tisa, kama nilivyosema. Bila hiyo siwezi hata kumzuia baba asimpeleke kwingine Jumamosi."

Ijumaa saa tatu asubuhi Anfinn Rosseland alikuwa nje ya nyumba yake, akifunga mbao za kutelezea theluji juu ya gari. Jozi moja, fupi. Alipowaona polisi aliendelea kufunga.

"Nilishatoa maelezo."

"Ndiyo maana nimekuja," alisema Solvor. "Wiki ya arobaini mlikuwa mnapaka rangi sebule."

"Ndiyo."

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

"Mlianza ukuta upi?"

Anfinn alivuta kamba. "Nani anakumbuka ukuta?"

"Mtu aliyepaka. Anfinn, una haki ya kutojibu. Nakuonyesha nakala ya ukurasa mmoja, kisha nakuuliza tena."

Alimpa karatasi. Anfinn aliishika kwa vidole viwili, kama kitu chenye uchafu. Alisoma Jumatatu. Alisoma Jumanne. Kwenye Jumanne alisimama, akarudi Jumatatu, akasoma tena.

"Kuni zilikuwa adhabu," alisema.

"Ndiyo."

"Torleiv aliniambia alijitolea mwenyewe. Alipiga simu Jumanne jioni akanisifia, akasema: Anfinn, binti yako ana mikono ya kazi, kapasua mirundo mitatu bila kulalamika." Anfinn alikunja karatasi, akaikunjua. "Nikajivuna, unaelewa? Nikawasimulia watu kazini. Nikawaambia, wangu ana miaka kumi na mitano na anapasua kuni kuliko nyie."

"Hukuona mikono yake?"

"Niliiona. Nikaipaka mafuta. Nikampongeza."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Tiril alikuwa amesimama kizingitini na soksi za sufu, nywele hazijachanwa, mwembamba kuliko picha iliyo kwenye faili.

"Mmekipata kitabu?" aliuliza.

"Tumekipata," alisema Solvor.

"Na ukurasa wangu? Hajaufuta?"

"Hajaufuta."

Tiril alishusha pumzi. "Nilijua hataufuta. Ni mtu wa hivyo." Alimtazama baba yake, kisha Solvor. "Basi nitaongea."

"Kwa nini hukutaka mwanzo? Huna lazima ya kuniambia."

"Kwa sababu ingekuwa neno langu na neno lake. Kila mtu anampenda Torleiv. Hata mimi nilikuwa nampenda, alinifundisha kuteleza kwenye theluji nikiwa na miaka minne. Nani angesema Torleiv ni mwongo?" Alikunja mikono kifuani. "Sasa siyo neno langu tu. Ni neno lake pia."

"Unahojiwa saa sita kwenye Nyumba ya Watoto, siyo kituoni," alisema Solvor. "Utamkuta mtu aliyesomea kazi hiyo. Mimi nitakuwa chumba cha pili, natazama kwenye skrini. Nani akulete? Bibi?"

"Bibi."

"Nitamleta mimi," alisema Anfinn.

Tiril alitazama paa la gari.

"Gari lina mbao juu," alisema.

"Zitakaa huko huko."

"Watu watatucheka mjini."

"Wacheke." Anfinn alimrudishia Solvor karatasi. "Hakukuwa na rangi. Andika hivyo. Sikupaka ukuta wowote."

"Nimeandika. Na wewe pia utahojiwa, Anfinn, baada ya Pasaka. Kwa lile na kwa mengine."

"Najua."

*

Chumba cha pili kilikuwa na viti vinne na skrini moja. Eskil alikaa mbele, kalamu mkononi, msimamizi wa muda kando yake. Wakili aliyeteuliwa kwa ajili ya Torleiv alikaa nyuma na kompyuta yake. Solvor alisimama, kwa sababu husimama daima.

Kwenye skrini Tiril alikuwa amekaa kwenye kiti cha bluu. Mhojaji alimwomba aseme jina lake na umri wake. Alisema. Mhojaji alimwomba aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, tangu alipoingia garini mpaka aliporudi.

Alieleza. Alianza na rangi ya gari. Alitaja masomo kwa majina kabla hajaulizwa. Alirudia sehemu ya karatasi ya kukana, ile ya mara arobaini, kwa kichwa, na sauti yake haikutetemeka. Alipofika kwenye picha alisema zilikuwa tatu, akasema nani alikuwa ndani yake na zilipigwa wapi. Mhojaji alimuuliza kama kuna aliyemshika kwa nguvu. Akasema hapana, hakuna aliyemgusa, Gudny mke wa Torleiv alimpikia vizuri, na hilo pia liandikwe. Aliulizwa walitaka nini kwake.

"Walitaka nirudi nyumbani mtu mwingine," alisema Tiril.

Wakili aliyekaa nyuma aliacha kuchapa.

Saa nane na dakika ishirini Eskil alisaini karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mashtaka. Ya pili ilimkataza Torleiv Haugum kumkaribia Tiril Rosseland, popote, kuanzia dakika hiyo.

"Dakika arobaini zimebaki," alisema akimpa Solvor karatasi hizo. "Sikujua unapenda kunitia presha."

"Miaka ishirini na sita," alisema Solvor, "na hakuna lililorudishwa."

"Hili nalo halitarudi."

Solvor alitoka, akaingia koridoni. Anfinn alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto, magoti juu, kofia mkononi. Kwenye kaunta mwanamke wa mapokezi alikuwa akipanga vikaragosi kwenye kapu.

"Jumamosi?" aliuliza Anfinn.

"Hakuna Jumamosi. Imezuiwa, na saini ninayo hapa."

Anfinn aliinamisha kichwa kukubali. Kisha akauliza, "Amesema nini?"

"Siruhusiwi kukwambia."

"Amelia?"

"Siruhusiwi."

"Basi niambie kitu unachoruhusiwa."

Solvor alifungua daftari lake, akapitisha kidole kwenye mistari, akatafuta kitu ambacho hakuna sheria iliyokifunga.

"Ameongea saa moja na dakika arobaini," alisema. "Hakuomba mapumziko. Hakuomba hata maji."

Anfinn alisimama. Alitazama kushoto na kulia, kama mtu mwenye habari na hana wa kumpa. Koridoni hapakuwa na mtu mwingine ila yule mwanamke wa mapokezi, asiyemjua, mwenye kikaragosi mkononi. Akamgeukia.

"Yule mle ndani," alisema kwa sauti, "ni binti yangu."